Mgeni Auza Rameni Tokyo

Mwaka 2007 mgahawa mdogo wa rameni ulifunguliwa katika wilaya ya Setagaya, mjini Tokyo, na wateja wakastaajabu kumwona jikoni Ivan Orkin, Mmarekani wa New York. Rameni, yaani tambi ndani ya supu, ilitoka Uchina, lakini Wajapani wameifanya yao kabisa. Mgeni kuwauzia wenyewe ni kama kumpelekea mvuvi samaki.

Tambi hizo hukandwa kwa unga wa ngano, maji, chumvi na aina ya magadi. Magadi ndiyo yazipayo rangi ya manjano na ugumu unaopendwa mdomoni. Orkin alithubutu kuongeza unga wa rai, nafaka ya nchi za baridi, na supu ya kuku akaichanganya na mchuzi wa samaki wakavu na mwani. Juu yake iliwekwa nyama ya nguruwe, jambo ambalo msomaji Mwislamu atalizingatia.

Mlaji wa rameni hapigi soga. Huzivuta tambi kwa vijiti, tena kwa sauti ambayo mama wa kwetu angeikemea, kwani hewa huzipoza na harufu ya supu hupanda puani. Akikawia, tambi huvimba na kulegea. Tena mlangoni wenziwe wangojea kiti.

Kwa Orkin walingojea kweli, Wajapani kwa foleni. Mwaka 2014 alifungua mgahawa mwingine kwao New York, katika Mtaa wa Clinton.