Taa Inayotangulia Kengele

Mke wangu anauza vitumbua, na saa kumi usiku lazima awe jikoni. Kwa miaka kilichomwamsha ni simu, kwa mlio ulioniamsha na mimi, watoto, na nadhani hata jirani. Mimi ni fundi redio hapa Tanga. Nikaona aibu nyumba ya fundi kuamshwa kwa makelele, nikamtengenezea taa inayopambazua chumbani.

Ndani ya kisanduku hamna maajabu: taa mbili za utepe za LED za volti 12, moja ya manjano na moja nyeupe, transista za kuziendesha, bodi ya Arduino na saa ndogo ya DS3231. Kwenye hiyo saa usibane matumizi. Fuwele yake hujirekebisha joto linapobadilika, kwa hiyo mwaka mzima hupotea kama dakika moja tu, na ina kibetri cha kutunza majira umeme ukikatika.

Ndani ya jicho, kwa nyuma, kuna chembe zinazouarifu ubongo kuwa kumekucha. Zikipata mwanga, ubongo hupunguza melatonini, homoni ya usiku. Chembe hizo huitikia zaidi mwanga wa samawati, lakini kope zilizofumba hupitisha zaidi mwekundu. Ndiyo maana naanza na taa ya manjano, inayokaribia wekundu, na nyeupe inaingia mwishoni, mtu anapokaribia kufumbua macho.

Ufundi wenyewe uko kwenye dakika za mwanzo. Wengi huandika programu inayopandisha mwanga kwa hatua sawasawa, kutoka 0 hadi 255. Gizani hesabu hiyo haifai, kwa sababu jicho hupima mwanga kwa uwiano. Kutoka 1 kwenda 2 mwanga umekuwa maradufu, na gizani mruko huo unaonekana wazi. Kutoka 200 kwenda 201 hakuna anayejua. Basi nikatumia ile taima ya biti 16 iliyomo kwenye ATmega328, chipu ya hiyo bodi ya Arduino, yenye ngazi 65,536, na mwanga nikaupandisha kwa kipeo cha pili cha muda. Nusu ya muda ikifika, taa inatoa robo tu ya nguvu yake. Kuanzia giza hadi mwanga kamili ni nusu saa.

Chandarua nacho hula mwanga, hivyo taa nimeiweka upande wa kichwani, ikimulika ukuta uliopakwa chokaa.

Sauti sikuiondoa. Aliyelala kifudifudi taa haimpati, na aliyechoka sana vilevile. Ila kile kipaza cha piezo sikukitaka: hulia kati ya hezi 2,000 na 4,000, palepale sikio lilipo kali kuliko kwingine. Nilichomoa spika kwenye redio mbovu, nikaiwekea kiwimbo kifupi kinachoanza chini. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha RMIT, Melbourne, waliwauliza watu kuhusu milio inayowaamsha, na wanaoamshwa na milio yenye melodia walisema hawaamki na uzito mkubwa wa usingizi. Ni utafiti mdogo, tena wa maswali tu. Mke wangu alishaniambia hayohayo bila kuulizwa na mtafiti.

DS3231 ina nafasi mbili za kengele. Ya kwanza ni ya vitumbua vya asubuhi. Ramadhani, biashara inapohamia jioni, naizima hiyo na kuwasha ya pili, ya daku, na hapo kiwimbo nakiongeza sauti kidogo, maana wa kuamshwa ni nyumba nzima.