Tezi na Omo: Maneno ya Chombo na Maana Zake

Zimo nyumba za jamaa zetu, Maskati, Sur, Dubai na hata London, ambamo bado zimehifadhiwa karatasi za safari za baharini: barua, hesabu za shehena, maagizo ya biashara. Nyingine ni za Kiarabu, nyingine ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Anayezisoma leo hukwama kwenye hati, kisha hukwama zaidi kwenye maneno ya chombo. Akikuta "tanga mbili" hudhani marikebu ilikuwa na matanga mawili, kumbe mwandishi anataja majira ya pepo zisizotulia, baina ya kusi na kaskazi, ambayo pia huitwa maleleji. Sarufi yenyewe inamwonya: matanga ya chombo ni mawili, si mbili. Kosa dogo kama hilo laweza kuihamisha safari kwa miezi kadhaa.

Tuanze na chombo chenyewe. Waingereza waliita "dhow" karibu kila chombo cha tanga cha bahari yetu. Kwetu dau ni aina moja tu, na tena ndogo. Jahazi ni jingine, na kuna mashua, betela, bedeni, bagala na ghanja. Mtepe ulikuwa wa peke yake: mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Kwa hiyo karatasi ya Kizungu ikisema "dhow" haijatuambia kitu. Jina aliloliandika mwenye mali ndilo lenye habari.

Mbele ya chombo ni omo, nyuma ni tezi, na chini kabisa, yanapokusanyika maji ya kufuliwa, ni ngama. Mlingoti hubeba foromali, na foromali hubeba tanga. Kulipandisha tanga ni kutweka, kulishusha ni kutua. Upande unaotoka upepo ni wa joshi; upande wa pili ni wa demani. Hapa msomaji ahadhari, kwani demani pia ni jina la majira, mwishoni mwa kusi, upepo unapolegea. "Upande wa demani" na "wakati wa demani" ni mambo mawili mbalimbali. Kubisha nako si kugonga mlango wala kukataa neno tu: ni chombo kwenda kinyume cha upepo, kikipinda huku na huku.

Majira ndiyo yaliyopanga maisha. Kaskazi, kuanzia Desemba hivi hadi Machi, ilileta vyombo kutoka Oman, Ghuba na Bara Hindi. Kusi, kuanzia Aprili, iliwarejesha. Alan Villiers alisafiri hivyo mwaka 1939 katika chombo cha Kuwait, akafika Zanzibar na kwenye mikoko ya Rufiji walikopakia boriti. Nahodha aliyekosa upepo wake alilazimika kungoja msimu mwingine, na katika kungoja huko watu walipanga nyumba, walikopeshana na walioana. Tarehe ya upepo, basi, ni sehemu ya nasaba zetu.

Asili za maneno haya zinaonyesha ni nani waliokuwamo chomboni. Nahodha ni Kiajemi, maana yake bwana wa chombo. Bandari pia ni Kiajemi. Usukani ni Kiarabu, sukkan. Dira ndilo jina walilotumia mabaharia wa Ghuba. Nauli imepitia Kiarabu, na asili yake ni Kiyunani. Lakini kupwa na kujaa ni Kibantu, na pwani yenyewe imetokana na kupwa. Anayetaka kuifanya bahari hii kuwa ya taifa moja hapati ushahidi katika msamiati wake.

Mengi yamehamia nchi kavu. Abiria na nauli sasa ni vya basi, usukani ni wa gari, kama vile Waarabu wa Ghuba nao wanavyouita sukkan. Tukisema mambo yamekwenda mrama, tunataja kuyumba kwa chombo. Yaliyobaki baharini, kama joshi, foromali na ngama, ndiyo yanayopotea, kwa kuwa watoto wetu hawana pa kuyasikia.

Wazee walisema: kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Baharia huzunguka chombo chote, lakini maji yakijaa hana budi kurudi kuyafua. Tunaziomba familia zinaponakili karatasi zao ziliache kila neno kama lilivyoandikwa, hata lisipofahamika, na zimwulize mzee aliye hai maana yake kabla ya kuweka jingine mahali pake.