Tulinde Miche Siku za Baridi

Katika nchi ya juu ya Katanga, usiku wa Juni na Julai huwa na baridi kali. Mawingu hayapo, joto la udongo hupaa, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka mabondeni. Huko umande huweza kuganda. Asubuhi miche ya nyanya na mipapai imekwisha kuungua, na jamaa imekosa mboga.

Basi tupande mahali palipoinuka kidogo. Asubuhi tumwagilie maji, maana udongo wenye maji hushika joto la mchana. Jioni tutandaze manyasi makavu juu ya vijiti, yasiilemee miche. Jua likipanda, tufunue. Mungu ametupa mbegu; kuilinda ni kazi yetu.