Ukubwa wa Sampuli Pale Kipimo Kinapokosea: Mfano wa Kichocho cha Tumbo

Kandokando ya Ziwa Victoria na Ziwa Albert, kichocho cha tumbo hupimwa kwa njia ya Kato-Katz: miligramu 41.7 za kinyesi huwekwa kwenye kioo, kisha mayai ya minyoo huhesabiwa kwa hadubini. Mwenye minyoo michache huweza kutoa kinyesi kisicho na yai hata moja, akaandikwa kuwa mzima.

Ubora wa kipimo hutajwa kwa sifa mbili. Unyeti ni uwezo wa kuwabaini walioambukizwa; umahususi ni uwezo wa kuwatenga wasioambukizwa. Umahususi wa Kato-Katz hukaribia asilimia 100. Udhaifu wake umo katika unyeti.

Ichukuliwe jamii ambamo asilimia 15 wameambukizwa, na kipimo chenye unyeti wa asilimia 60 na umahususi wa asilimia 100. Watakaoonekana na mayai ni asilimia 9 tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unapendekeza dawa ya prazikwanteli itolewe kila mwaka pale maambukizi yanapofikia asilimia 10. Kwa takwimu ghafi, jamii hiyo ingekosa dawa inayoistahili.

Kuongeza watu pekee hakuondoi kosa hilo; huongeza tu uhakika juu ya jibu lisilo sahihi. Rogan na Gladen walionesha mwaka 1978 namna ya kulisahihisha: kiwango kilichoonekana hujumlishwa na umahususi, hutolewa moja, kisha hugawanywa kwa jumla ya unyeti na umahususi iliyotolewa moja. Katika mfano huu, 0.09 kugawanya kwa 0.6 ni 0.15.

Usahihisho huo una gharama. Kwa uteuzi nasibu sahili, uhakika wa asilimia 95 na mkengeuko usiozidi pointi 3, kipimo kisichokosea kingehitaji watu 545. Kwa kipimo hiki wanahitajika 972, kwa kuwa mgawanyo kwa 0.6 hukuza pia mtawanyiko wa makadirio. Watu wakiteuliwa kwa shule au kijiji, idadi hupanda zaidi.

Aidha, tiba inapofanikiwa, minyoo hupungua mwilini na unyeti hushuka. Hivyo kipimo hudhoofika wakati uamuzi wa kupunguza dawa unapokaribia. Ripoti inayosomwa na watunga sera haina budi kutenganisha “waliokutwa na mayai” na “walioambukizwa”, na kutaja unyeti uliotumika kupanga sampuli.