Anayeumia Hawezi Kuwa Hakimu

Julai 2013 timu ya Indianapolis Colts ilimsajili Daniel Adongo, Mkenya aliyekuwa akicheza raga Afrika Kusini, ilhali hakuwa amecheza hata mechi moja ya futiboli ya Marekani. Desemba mwaka huohuo aliingia uwanjani dhidi ya Cincinnati Bengals, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi ya NFL. Alitumiwa zaidi kwenye vikosi maalumu, vile vinavyoingia wakati mpira unapopigwa teke: enzi hizo wanaume wenye kilo mia moja hivi walikimbia kwa kasi yao yote kutoka pande mbili, kisha wakavaana. Mwaka 2024 ligi ilibadilisha kanuni za teke la kuanzishia mchezo, sababu mojawapo ikiwa wingi wa majeraha ya kichwa. Safari kama ya Adongo ikisimuliwa, sifa huenda kwa moyo mgumu, na si sifa ya uongo. Ila moyo huo, hata uwe mgumu kiasi gani, haufai kuachiwa uamuzi kuhusu kichwa kilichogongwa. Jambo hilo linamhusu mwanafunzi anayecheza raga au kandanda Mutomo, Ikutha au Kibwezi hapa Kenya sawa na linavyomhusu anayelipwa mamilioni ya dola.

Ni rahisi kudhani kwamba mchezaji wa kulipwa huficha maumivu kwa sababu ya pesa tu. Kweli, hesabu yake ni kali. Kikosi cha NFL kina nafasi 53, mikataba mingi haina dhamana kamili, na anayekaa nje wiki mbili anaweza kurudi akute mwingine ameshika nafasi yake. Lakini mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha majibu ya wachezaji 1,532 wa shule za sekondari, vijana wasiokuwa na mkataba wowote wa kulinda. Miongoni mwa waliopata mtikisiko wa ubongo katika msimu huo, chini ya nusu ndio waliomweleza mtu. Na sababu iliyotajwa zaidi na walionyamaza, karibu thuluthi mbili yao, ilikuwa kwamba hawakuona kama jeraha lenyewe lilikuwa kubwa kiasi cha kusemwa. Hofu ya kutolewa mchezoni ilifuata nyuma. Kwa hiyo wengi hawakuwa wakivumilia lolote. Hawakujua wameumia kiasi gani.

Hilo si ajabu ukifikiria kinachotokea ndani ya fuvu. Punda aliyebeba mitungi ya maji akisimama ghafla, mtungi husimama naye, lakini maji ya ndani huendelea mbele, yakagonga upande mmoja na kurudi. Ubongo nao huelea ndani ya maji yake, na kichwa kinapozungushwa kwa nguvu, nyuzi ndefu za seli za neva huvutwa na kupindwa. Kemikali ambazo seli huziweka kila moja mahali pake humwagika, na seli huhitaji nguvu nyingi ili kuzirudisha, wakati ambapo damu inayoleta sukari inaweza kuwa imepungua. Siku kadhaa ubongo hufanya kazi kwa upungufu huo, na pigo la pili katika kipindi hicho huukuta hauna akiba. Kofia ngumu huzuia fuvu lisipasuke, na hiyo ni kazi kubwa, lakini haiwezi kuzuia ubongo usitikisike ndani yake. Picha ya CT nayo hutafuta damu iliyovuja na mifupa iliyovunjika. Mtikisiko wa kawaida mara nyingi hauonekani hapo. Basi anayeulizwa "uko sawa?" anatakiwa atumie kiungo kilekile kilichoumia ili kutoa jibu. Mguu uliovunjika hausemi uongo. Ubongo uliotikisika unaweza kusema "niko fiti" kwa dhati kabisa.

Hata penye madaktari na kamera kila upande, kosa hutokea. Septemba 25, 2022, Tua Tagovailoa wa Miami Dolphins aligonga kichwa chini, akasimama, akayumba hadharani, kisha akarudi kucheza. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba ni mgongo. Siku nne baadaye aliangushwa tena, akatolewa kwa machela. Mwezi uliofuata ligi na chama cha wachezaji waliongeza kanuni: anayeyumba namna hiyo harudi mchezoni siku hiyo, hata awe ametoa maelezo gani. Kanuni hiyo ni nzuri kwa sababu haimuulizi mchezaji maoni yake.

Wapo watakaosema hatari hii inakuzwa. Wana hoja. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walikuta ugonjwa wa ubongo uitwao CTE katika bongo 110 kati ya 111 za wachezaji wa zamani wa NFL, lakini bongo hizo zilitolewa na familia ambazo nyingi huenda zilikuwa zimeshaona dalili kwa jamaa zao. Haiwezekani kudai kwamba wachezaji wote wako hivyo. Utafiti wa taasisi ya serikali ya Marekani ya afya kazini, uliofuatilia wachezaji 3,439 wa kati ya 1959 na 1988, ulikuta hata kwamba vifo vyao kwa jumla vilikuwa karibu nusu ya vilivyotarajiwa kwa wanaume wa rika lao. Ni watu wenye miili imara, haishangazi. Lakini ndani ya takwimu hizohizo, vifo vinavyohusiana na magonjwa ya kuharibika kwa ubongo na neva vilikuwa mara tatu ya kawaida. Mazoezi yaliyoimarisha moyo na misuli hayakuulinda ubongo. Utafiti mwingine wa bongo 631, uliochapishwa 2023, ulionyesha kwamba jumla ya nguvu za mapigo ya miaka mingi, hata yale yasiyoleta dalili, ndiyo inayotabiri CTE vizuri kuliko idadi ya mitikisiko iliyotambuliwa. Kumtoa aliyeumia pekee hakutoshi, basi; kocha apunguze pia migongano ya mazoezini.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la hapa nyumbani: shule ya Mutomo itapata wapi daktari wa pembeni mwa uwanja? Haimhitaji ili kuanza. Mwaka 1995 watafiti wa Australia walionyesha kwamba kumuuliza aliyegongwa jina lake au tarehe hakusaidii sana, kwani wengi hujibu sawasawa. Kinachopotea ni mambo ya karibuni. Muulize: tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi cha ngapi? Nani amefunga mwisho? Mechi iliyopita tulicheza na nani, na tulishinda? Akikosa jibu moja tu, anatoka. Akijibu yote lakini anayumba, ana kizunguzungu au macho yake yameduwaa, anatoka vilevile, kwani maswali hayo hutambua jeraha ila hayathibitishi usalama.

Walimu wa michezo, na wachezaji wenzake wanaomzunguka aliyegongwa wakimwambia ajikaze kisabuni, ndio wenye uamuzi wa kumtoa. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akipata degedege, au kichwa kikizidi kuuma, apelekwe hospitali ya misheni ya Mutomo au iliyo karibu bila kungoja filimbi ya mwisho. Asipokuwa na dalili hizo, apumzike siku moja au mbili, kisha arudie mazoezi mepesi hatua kwa hatua. Na siku ile aliyogongwa asirudishwe uwanjani, hata aape.