Kovu Lisiloonekana: Kwa Nini Goti la Bandia Hukakamaa

Mfupa uliovunjika ukiunga vizuri hauachi kovu, kwani hujijenga upya ukawa mfupa kamili. Ngozi na mfuko wa kiungo havikujaliwa uwezo huo. Vikikatwa, mwili huviziba kwa kiraka cha nyuzi za protini iitwayo kolajeni, nacho ndicho kovu. Juu ya ngozi kovu aghalabu ni jambo la sura tu. Ndani ya goti laweza kumnyima mtu mwendo.

Goti la bandia huwekwa pale gegedu zinapolika kwa ugonjwa. Mpasuaji huchonga ncha za mfupa wa paja na za muundi, akazivika metali, na kati yake akaweka kipande cha plastiki ngumu. Vifaa hivyo havioti kovu. Lakini ili kuvifikia hapana budi mfuko wa goti upasuliwe, na jeraha hilo hupona kwa kanuni zile zile za jeraha lolote.

Mwaka 1971 Giulio Gabbiani na wenzake walieleza seli za pekee zilizomo katika jeraha linalopona. Seli hizo hufuma kolajeni, na papo hapo hujikunyata kama seli za misuli, zikivuta kingo za jeraha zikaribiane. Kazi ikiisha, nyingi hufa. Kwa wagonjwa wachache hubaki zikifuma na kuvuta, hata mfuko uliokuwa laini na wenye mikunjo ukawa mnene na kugandamana.

Hasara yake hupimwa kwa digrii, na mwanafunzi mwenye kipimapembe aweza kujipima mwenyewe. Kutembea mahali tambarare kwahitaji goti likunjwe kiasi cha digrii 60 hivi. Kuinuka kitini, 90 au zaidi. Kuchuchumaa, zaidi ya 120. Basi mtu ambaye goti lake lakoma kwenye 70 atapita barabarani bila kutambuliwa na yeyote, lakini ngazi, kigoda na choo cha shimo vitamshinda.

Kinga kubwa ni kulikunja goti mapema, maumivu yakiwa yametulizwa kwa dawa. Katika miaka ya 1970 Robert Salter wa Toronto, aliyefanya majaribio kwa sungura, alitetea mwendo usiokoma, na mashine za kukunja mguu wa mgonjwa kitandani zikaenea. Kwa goti la bandia, tafiti za baadaye zilionyesha kuwa faida yake ni ndogo. Wala si haki kumwita mgonjwa mvivu: goti lililokuwa gumu kabla ya upasuaji huelekea kubaki gumu, na mazoezi ya kulazimisha kupita kiasi yaweza kuchochea uvimbe unaolisha kovu lenyewe.

Goti likikataa, daktari huhakikisha kwanza kwamba hakuna maambukizo wala kifaa kilichokaa upande. Kisha, yafaa katika miezi mitatu ya mwanzo kabla nyuzi hazijakomaa, mgonjwa hupewa nusukaputi na goti hukunjwa kwa mkono, polepole, maana nguvu nyingi zaweza kuvunja mfupa. Baada ya hapo hubaki kisu. Nacho kikikata kovu la zamani hufungua jeraha jipya, na zile seli za kufuma huitwa tena kazini.