Tangi la Mweiga na Hesabu Zinazopinda

Tangi la maji lililoinuliwa juu ya nguzo za mbao ni kitu cha kila siku kwenye mashamba ya Mweiga, kaunti ya Nyeri nchini Kenya. Kwa macho halina fumbo: fungua koki, maji yatoke. Kumbe lina ukaidi wake. Maji yakiwa na kina cha mita 1, huchomoka kwenye tundu la chini kwa kasi inayokaribia mita 4.4 kwa sekunde. Yakifika mita 4, mtu hudhani kasi itakuwa mara 4, lakini huwa mara 2 tu, kwa kuwa kasi hufuata kipeuo cha pili cha kina. Mwitaliano Evangelista Torricelli aliligundua hilo karne ya 17.

Mifumo ya aina hii wahandisi huiita isiyo ya mstari, maana grafu yake hupinda. Anayetaka pampu ijiendeshe yenyewe na kushikilia kina kimoja ana kibarua: mipangilio inayofaa tangi likikaribia kujaa huenda isifae likiwa karibu tupu. Tena pampu ikishafika mwisho wa nguvu zake, kuiamrisha zaidi ni kazi bure.

Kando ya barabara ya Nyeri–Mweiga kipo Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kinachofundisha uhandisi wa mekatroniki, fani isiyokwenda bila udhibiti wa mifumo kama pampu hiyo. Wanaosoma fani hiyo, popote walipo, ni nadra kuikwepa MATLAB, programu ya hesabu iliyobuniwa na Cleve Moler miaka ya 1970 na kuingia sokoni 1984. Leseni yake ni ghali. Asiyejiweza hupakua Scilab, iliyoanzia taasisi ya INRIA nchini Ufaransa, bila kulipa hata shilingi.

Ndani ya Scilab mna Xcos, ambamo tangi hujengwa kwa visanduku: hiki cha pampu, kile cha kipeuo cha pili, kingine cha kujumlisha maji, vyote vimeunganishwa kwa mistari. Saa nzima ya maji kupanda na kushuka huchorwa kufumba na kufumbua. Likifurika, hakuna aliyelowa.

Ila kuigiza si kuthibitisha. Majaribio 100 yakifaulu, la 101 laweza kuharibika. Mrusi Aleksandr Lyapunov alitoa dawa mwaka 1892: tafuta kipimo kinachofanana na nishati, kinachopungua daima mfumo unaporudi mahali pake. Kukitafuta kwa mkono ni kubahatisha. SOSTOOLS, programu ya bure iliyotolewa 2002, huiachia kompyuta kazi hiyo, mradi milinganyo iwe ya polinomia. Mlinganyo wa tangi una kipeuo, hivyo mhandisi hulazimika kwanza kuugeuza. Na kabla ya hapo, kwenda shambani na ndoo na saa akapime bomba linatoa lita ngapi kwa dakika.